Namna ya Kutambua Namba Mraba kwa Kutumia Vigawo Tasa

Namba mraba ni namba inayopatikana kwa kuzidisha namba nzima kwa yenyewe, kama vile 1, 4, 9, 16, 25 na kuendelea. Mwanafunzi anapoulizwa kama 7056 ni namba mraba, mara nyingi hukimbilia kikokotoo, au huanza kubahatisha 80 × 80, kisha 82 × 82, hadi aikaribie. Jibu atalipata, lakini swali likigeuzwa kidogo tu, kwa mfano akitakiwa kutafuta namba ndogo kuliko zote ambayo 2520 ikizidishwa nayo itatoa namba mraba, kubahatisha kutamchosha na kikokotoo hakitamwambia aanzie wapi. Maswali yote mawili, pamoja na mengine mengi yanayoonekana kuwa ya aina tofauti kabisa, hujibiwa kwa kuchambua namba katika vigawo vyake tasa na kutazama vipeo.

Anza kwa kuigawa namba kwa namba tasa ndogo kuliko zote inayoweza kuigawa bila baki, na uendelee na namba hiyohiyo mpaka ikatae, ndipo uhamie inayofuata.

7056 ÷ 2 = 3528
3528 ÷ 2 = 1764
1764 ÷ 2 = 882
882 ÷ 2 = 441
441 ÷ 3 = 147
147 ÷ 3 = 49
49 ÷ 7 = 7
7 ÷ 7 = 1

Kwa hiyo 7056 = 2⁴ × 3² × 7². Vipeo vyote vitatu, yaani 4, 2 na 2, ni shufwa. Hilo peke yake linatosha kusema kwamba 7056 ni namba mraba, na kipeuo chake cha pili hupatikana kwa kugawa kila kipeo kwa 2: 2² × 3 × 7 = 84.

Sababu yake ni rahisi kuiona ukianzia upande wa pili. Chukua 84 = 2² × 3 × 7 uizidishe kwa yenyewe. Kila kigawo tasa kilichomo ndani ya 84 ya kwanza kimo pia ndani ya 84 ya pili, kwa hiyo idadi ya kila kimoja huwa maradufu, na idadi iliyo maradufu haiwezi kuwa witiri. Kinyume chake nacho ni kweli: vipeo vyote vikiwa shufwa, vigawo vinaweza kugawanywa katika mafungu mawili yanayolingana kabisa, na zao la kila fungu ndilo kipeuo cha pili. Kanuni basi ni hii: namba ni mraba ikiwa, na ikiwa tu, kila kipeo katika uchambuzi wake wa vigawo tasa ni shufwa.

Kanuni hiyo inategemea jambo moja ambalo wengi hulichukulia kuwa dhahiri. Kila namba nzima inayozidi 1 inaweza kuandikwa kama zao la namba tasa kwa njia moja tu, ukiacha mpangilio wa vigawo. Kama ingewezekana kuichambua namba moja kwa njia mbili tofauti, vipeo vingeweza kuwa shufwa katika njia moja na witiri katika nyingine, na kanuni yetu ingekuwa haina maana. Nguzo ya ukweli huu iliwekwa na Euclid, aliyefundisha Alexandria nchini Misri karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Alithibitisha kwamba namba tasa ikigawa zao la namba mbili bila baki, lazima igawe angalau moja kati ya hizo mbili. Kauli kamili pamoja na uthibitisho wake ilitolewa na Mjerumani Carl Friedrich Gauss mwaka 1801.

Katika kuchambua, si lazima ufike mwisho kila mara. Tazama 91476. Ukigawa kwa 2 unapata 45738, kisha 22869, na 2 haiendelei. Kipeo chake ni 2, hakuna tatizo. Ukigawa kwa 3 unapata 7623, kisha 2541, kisha 847, na hapo 3 inagoma, kwa sababu jumla ya tarakimu za 847 ni 19. Namba 3 imeingia mara tatu. Weka kalamu chini: 91476 si namba mraba, na huna haja ya kujua 847 ina nini ndani yake. Kipeo kimoja tu cha witiri kinatosha kuikataa namba nzima.

Kuna njia nyingine ya mkato ambayo naona haifundishwi vya kutosha. Anayetaka kujua kama namba ni tasa hulazimika kujaribu namba tasa zote hadi kwenye kipeuo chake cha pili, lakini anayetaka kujua kama ni namba mraba anaweza kusimama kwenye kipeuo cha tatu. Chukua 26569. Kipeuo chake cha tatu kinakaribia 30, kwa kuwa 30 × 30 × 30 = 27000. Ukijaribu namba tasa zote kuanzia 2 hadi 29 na kukuta hakuna hata moja inayoigawa, basi namba hiyo haiwezi kuwa na vigawo tasa vitatu, maana vyote vingekuwa 31 au zaidi na zao lake lingezidi 27000. Imebaki kuwa namba tasa, au zao la namba tasa mbili tofauti, au mraba wa namba tasa moja. Sasa kadiria kipeuo cha pili: 160 × 160 = 25600, na 163 × 163 = 26569. Ni namba mraba, na jaribio hilo moja limechukua nafasi ya namba tasa zote zilizopo kati ya 31 na 163.

Hebu sasa turudi kwenye swali la 2520. Uchambuzi wake ni 2³ × 3² × 5 × 7. Vipeo vya 2, 5 na 7 ni witiri, na kila kimoja kinahitaji kigawo kimoja zaidi ili kiwe shufwa. Kipeo cha 3 kiache kama kilivyo. Namba ndogo kuliko zote ya kuzidishia basi ni 2 × 5 × 7 = 70, na 2520 × 70 = 176400, ambayo ni mraba wa 420. Swali likitaka ugawe badala ya kuzidisha, namba ni ileile 70, kwa sababu kuondoa kigawo kimoja hurekebisha kipeo cha witiri sawasawa na kukiongeza: 2520 ÷ 70 = 36, mraba wa 6. Wanafunzi wengi huhesabu mara mbili bila sababu pale ambapo swali lina sehemu zote mbili.

Swali la jamii hiyohiyo hutaka namba mraba ndogo kuliko zote, isiyo sifuri, inayogawanyika kwa 8, 12 na 28. Tafuta kwanza kigawe kidogo cha shirika, yaani KDS, ambacho ni 168 = 2³ × 3 × 7. Namba mraba yoyote inayogawanyika kwa zote tatu lazima igawanyike kwa 168. Na kwa kuwa vipeo vyake vyote ni shufwa, kipeo cha 2 hakiwezi kuwa chini ya 4, na vile vya 3 na 7 haviwezi kuwa chini ya 2. Ongeza vinavyopungua: 168 × 2 × 3 × 7 = 7056. Kosa linalojitokeza mara kwa mara hapa ni kuzidisha KDS kwa yenyewe. Jibu lake, 28224, kweli ni namba mraba na kweli linagawanyika kwa zote tatu, ila si ndogo kuliko zote.

Kutokana na kanuni ya vipeo linapatikana tokeo ambalo pengine ndilo lenye matumizi mengi zaidi: namba tasa ikigawa namba mraba, basi mraba wa namba tasa hiyo nao unaigawa. Kipeo cha namba tasa hiyo si sifuri, tena ni shufwa, kwa hiyo hakipungui 2. Namba mraba inayogawanyika kwa 3 lazima igawanyike kwa 9. Inayogawanyika kwa 2 lazima igawanyike kwa 4. Inayogawanyika kwa 7 lazima igawanyike kwa 49. Tahadhari ni moja: hii ni sifa ya namba tasa. Namba mraba inayogawanyika kwa 4 si lazima igawanyike kwa 16, na 36 ni ushahidi wa kutosha.

Tokeo hilo linakuwezesha kukataa kundi zima la namba kwa mkupuo mmoja. Panga tarakimu 1, 2, 3, 4 na 5 kwa mpangilio wowote unaoutaka, uunde namba ya tarakimu tano. Ipo mipangilio 120, na hakuna hata mmoja unaotoa namba mraba. Jumla ya tarakimu ni 15 daima, kwa hiyo namba inagawanyika kwa 3 lakini haigawanyiki kwa 9. Ukiongeza 6 jumla inakuwa 21, na hukumu ni ileile. Ukizitumia zote kuanzia 1 hadi 9, jumla ni 45, inayogawanyika kwa 9, na pingamizi linaondoka. Kweli zipo namba mraba za namna hiyo, mojawapo ikiwa 139854276, mraba wa 11826.

Geuza swali sasa. Umeambiwa kwamba n ni namba nzima na kwamba n² inagawanyika kwa 600. Ni namba ipi kubwa kuliko zote ambayo lazima iigawe n? Wapo wanaojibu 600, na wapo wanaotafuta kipeuo cha pili cha 600 wakakwama kwenye desimali. Chambua: 600 = 2³ × 3 × 5². Ndani ya n² kipeo cha 2 ni angalau 3, lakini ni shufwa, kwa hiyo ni angalau 4. Ndani ya n chenyewe ni nusu ya hapo, yaani angalau 2. Kipeo cha 3 ndani ya n ni angalau 1, na cha 5 ni angalau 1. Kwa hiyo n lazima igawanyike kwa 2² × 3 × 5 = 60. Hatuwezi kudai zaidi ya hapo, kwani n = 60 yenyewe inatimiza sharti: 3600 ni mara sita ya 600.

Mantiki hiyohiyo inathibitisha kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu. Tuseme kingekuwa a/b, ambapo a na b ni namba nzima zisizo sifuri. Basi a² = 2 × b². Upande wa kushoto ni namba mraba, kwa hiyo kipeo cha 2 ni shufwa. Upande wa kulia kuna b², ambayo kipeo chake cha 2 ni shufwa, kisha imeongezwa 2 moja zaidi. Kipeo ni witiri. Namba moja haiwezi kuwa na kipeo cha shufwa na cha witiri kwa wakati mmoja, kwa hiyo a na b hazipo. Uthibitisho huu naupenda kuliko ule unaoanza kwa kudai kwamba sehemu imerahisishwa hadi mwisho, kwa sababu hauhitaji dai hilo, na unafanya kazi bila kubadilishwa kwa 3, 5, 7 au namba yoyote iliyo na kipeo cha witiri mahali fulani.

Idadi ya vigawo nayo hufichua namba mraba. Kigawo chochote cha 7056 hupatikana kwa kuchagua 2 ngapi utumie, kuanzia sifuri hadi nne, 3 ngapi kuanzia sifuri hadi mbili, na 7 ngapi vivyo hivyo; uchaguzi wote ni 5 × 3 × 3 = 45. Kwa namba mraba, kila kipeo ni shufwa, ukiongeza 1 unapata witiri, na zao la namba witiri ni witiri. Namba isiyo mraba ina angalau kipeo kimoja cha witiri, kwa hiyo idadi ya vigawo vyake ni shufwa. Ukihesabu vigawo vya namba ukakuta ni 15 au 27, unajua ni namba mraba hata kabla hujaiona.

Uchambuzi wa vigawo ni kazi ndefu namba ikiwa kubwa, kwa hiyo inafaa kuwa na chujio la haraka la kuziondoa zile ambazo ni dhahiri si namba mraba. Namba mraba huishia na 0, 1, 4, 5, 6 au 9 tu; inayoishia na 2, 3, 7 au 8 ikatae papo hapo. Ikiishia na sifuri, idadi ya sifuri za mwisho lazima iwe shufwa, maana 2 na 5 zote zina vipeo vya shufwa. Ikiishia na 5, inagawanyika kwa 5, hivyo pia kwa 25, na kwa kuwa ni witiri lazima iishie na 25 au 75. Lakini 75 huacha baki 3 ikigawanywa kwa 4, jambo ambalo namba mraba haifanyi kamwe, kwani mraba wa shufwa hauachi baki na mraba wa witiri huacha 1. Imebaki 25 peke yake. Kwa hoja hiyohiyo ya 4, namba 11, 111, 1111 na kuendelea hazina hata moja iliyo mraba, kwa sababu zote huishia na 11, na 11 huacha baki 3. Ukichunguza tarakimu mbili za mwisho kwa ukamilifu, kati ya miisho 100 inayowezekana namba mraba hutumia 22 tu: 00, 01, 04, 09, 16, 21, 24, 25, 29, 36, 41, 44, 49, 56, 61, 64, 69, 76, 81, 84, 89 na 96. Ongeza kipimo cha 9: jumlisha tarakimu hadi ibaki moja, na ikiwa si 1, 4, 7 wala 9, namba si mraba.

Chujio hili hukataa tu, halithibitishi. Namba 2041 inaishia na 41, jumla ya tarakimu zake ni 7, ikigawanywa kwa 8 inaacha baki 1 kama mraba wowote wa witiri, na hata kwa 7 inaacha baki 4, ambalo linaruhusiwa. Imepita kila mahali. Hata hivyo 45 × 45 = 2025 na 46 × 46 = 2116, na uchambuzi unaonyesha kwamba 2041 = 13 × 157, vigawo viwili vyenye kipeo 1 kila kimoja.

Faida ya kuunganisha chujio na vigawo tasa inaonekana vizuri katika hesabu ya Mfaransa Pierre de Fermat, ambaye katika barua ya mwaka 1643 alieleza jinsi ya kupata vigawo vya 2027651281. Wazo lake ni kutafuta namba mraba ambayo ukiondoa 2027651281 kinachobaki nacho ni namba mraba; ukizipata, tofauti ya namba mraba mbili hugeuka kuwa zao la jumla na tofauti ya vipeuo vyake. Namba ya kwanza ambayo mraba wake unaizidi 2027651281 ni 45030, na tofauti ni 49619. Inaishia na 19, ambayo haimo katika orodha, kwa hiyo inakataliwa. Huhitaji kuzidisha upya kwa kila jaribio: kutoka 45030² kwenda 45031² ongezeko ni 45030 + 45031 = 90061, kisha 90063, kisha 90065, na kuendelea kwa kuongeza mbili. Tofauti zinazofuata ni 139680, 229743, 319808 na 409875, nazo zote zinakataliwa kwa tarakimu mbili za mwisho.

Inayofuata ni 499944, na hii ndiyo ya kuitazama kwa makini. Mwisho wake, 44, unaruhusiwa. Mwenye haraka angeanza kutafuta kipeuo chake cha pili, na angejikuta karibu mno na 707 bila kufanikiwa. Lakini jumla ya tarakimu zake ni 39: inagawanyika kwa 3 na haigawanyiki kwa 9, kwa hiyo si namba mraba. Baada yake zinakuja 590015, 680088, 770163, 860240 na 950319, na zote zinaanguka kwa mwisho wake. Jaribio la kumi na mbili, la 45041, linatoa 1040400. Mwisho ni 00, sifuri ni mbili, jumla ya tarakimu ni 9. Chambua: 1040400 = 2⁴ × 3² × 5² × 17². Vipeo vyote ni shufwa, na kipeuo cha pili ni 2² × 3 × 5 × 17 = 1020. Jumla ya 45041 na 1020 ni 46061, tofauti yake ni 44021, na 46061 × 44021 = 2027651281.